Nilifagia kompyuta, nikafagia na sauti ya mama

NAUNGAMA mapema, msomaji wangu, kwamba mkosi ulionipata usiku ule wa Alhamisi, Julai 2025, niliununua mwenyewe kwa mikono yangu miwili. Sina wa kumlaumu. Baba watoto alikuwa zamu ya usiku, wanangu wawili walikuwa wamelala fofofo, nami nilikuwa sebuleni nikiikodolea macho kompyuta ambayo tangu saa mbili ilikuwa ikizungusha kile kiduara chake bila kukoma.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Tuliinunua mwaka 2019 katikati ya jiji la Nairobi, mojawapo ya zile zilizotumika katika ofisi za ng'ambo ambazo wauzaji huziita eksi-UK. Niliitaka kwa ajili ya makala zangu tu. Lakini Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na ghafla mashine yangu ikawa darasa, sinema na uwanja wa michezo. Kila aliyeketi mbele yake aliacha chake humo: kifunguamimba wangu michezo ya magari, baba yake programu ya kutazamia kandanda, na mdogo wangu aliye chuo kikuu programu ambazo hata majina yake siwezi kuyatamka. Kufikia mwaka 2025, ukiiwasha ulikuwa na wakati wa kwenda jikoni, kuteleka maji, kusonga ugali na kuupakua, kisha urudi uikute ndiyo kwanza inakukaribisha.

Usiku huo mhariri alikuwa akingojea makala yangu kabla ya alfajiri. Katika kuhangaika kwangu likachomoza tangazo jekundu kwenye skrini: kompyuta yako ina hitilafu 1,842. Lahaula! Elfu moja mia nane arubaini na mbili! Nikashangaa kwamba bado ilikuwa ikipumua. Chini ya onyo hilo palikuwa na kitufe cha kijani kibichi cha kupakua programu ya kusafisha, bure bilashi. Nani asiyependa cha bure? Nikabonyeza.

Programu ikajisimika, ikaanza kufagia. Ilipofika asilimia 92 ikaganda. Nikangoja robo saa, nikangoja nusu saa. Tisini na mbili ni ile ile. Leo najua sababu. Nilikuwa nimeacha kivinjari wazi kikiwa na kurasa zaidi ya ishirini, na faili ambayo inatumiwa na programu moja haifutiki kwa urahisi na programu nyingine. Mfagiaji hubaki mlangoni akibisha hodi. Dawa yake ni kufunga kila kitu kwanza, au kuwasha mashine upya na kufanya usafi kabla hujafungua chochote. Lakini usiku ule nilifanya anavyofanya kila mzazi aliyechoka: nikakandamiza kitufe cha kuzimia hadi skrini ikawa nyeusi.

Ilipowaka tena ilikuwa nyepesi kidogo, nami nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Nikafungua folda ya vitu vilivyopakuliwa, ile iliyoandikwa Downloads, nichukue mahojiano niliyoyahitaji. Tupu. Nikakimbilia pipa la taka la kompyuta. Tupu vile vile, maana programu ile ilikuwa imefagia na pipa lenyewe.

Nusura nizirai, na si kwa ajili ya mahojiano.

Mama yangu alifariki Malindi mwaka 2023. Katika miezi yake ya mwisho, kila alipopata nguvu alikuwa akiwarekodia wajukuu wake hadithi kwa simu na kunitumia kwa WhatsApp. Zilikuwa hadithi kumi na nne. Ndani yake unamsikia akikohoa, unasikia kuku wa jirani, unamsikia akimfokea mtu aliyefungua mlango wakati fisi ameshakaribia kumla sungura. Mwaka 2024 simu yangu ilikwapuliwa nikishuka matatu. Nilijifariji kwamba angalau hadithi hizo nilikuwa nimezihamishia kwenye kompyuta. Ila sikuwahi kuzipangia mahali pake. Ukipakua kitu kutoka WhatsApp ya kwenye kompyuta, kwa kawaida kinaangukia folda ile ile ya Downloads, pamoja na risiti, fomu za shule na takataka nyingine, na huko ndiko nilikoziacha.

Saa sita za usiku nikampigia mdogo wangu simu. Nilipomweleza kwa kwikwi akanikatiza: "Dada, izime hiyo mashine sasa hivi. Chomoa waya ukutani. Usifungue kitu, usipakue programu ya kufufua faili, usiandike hata herufi moja."

Nikadhani ananifokea tu. Kumbe alikuwa na sababu, nami nitaieleza alivyonieleza, kwa kuwa wasomaji wengi watalihitaji jambo hili siku moja. Katika diski za zamani, zile zenye sahani inayozunguka ndani, ukifuta faili kompyuta haiiondoi papo hapo. Inafanya kama mwalimu aliyekata jina la mwanafunzi kwenye rejista ilhali mtoto mwenyewe bado ameketi kwenye dawati lake. Ataketi pale hadi aje mwanafunzi mpya apewe dawati hilo. Kila unachoandika au kupakua baada ya ajali ni mwanafunzi mpya. Hata programu ya kufufua faili, ukiisimika kwenye diski hiyo hiyo, inaweza kukalia hicho hicho unachokitafuta.

Basi nikachomoa waya. Makala ya mhariri nikaiandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu, nikaipiga chapa kwenye simu kwa kidole gumba hadi alfajiri. Yalikuwa makala mabaya mno, na yalichapishwa.

Jumamosi asubuhi nilishika njia hadi Luthuli, nimekumbatia kompyuta kama mgonjwa. Anayeijua barabara hiyo anajua kelele zake: spika zinazojaribiwa, wapiga debe wa maduka, mikokoteni. Katika ghorofa moja, ndani ya kichumba kisichotosha watu wanne, nilimkuta fundi kijana ambaye mdogo wangu alinielekeza kwake. Alifungua kasha, akapuliza. Vumbi lililotoka lingejaza kikombe, na humo ndani mende wawili walikuwa wamekauka.

"Mama, hii haijawahi kufunguliwa?"

"Tangu tuinunue, la."

Akaniambia feni ikishazongwa na vumbi, joto hupanda, na kichakato kikipata joto jingi hujipunguzia kasi chenyewe kisiungue. Kwa hivyo sehemu ya ule uzembe niliotaka kuutibu kwa programu ilikuwa vumbi tu, la kuondolewa kwa brashi laini na kipulizio huku mashine imechomolewa stimani.

Kisha akaitoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta yake kama diski ya pili, akaanzisha programu ya kufufua faili kutoka huko. Ilichukua zaidi ya saa nne. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama namba zikipanda. Wateja waliingia na kutoka, mmoja na simu iliyoanguka chooni, mwingine na redio ya mama mkwe. Fundi hakunipa matumaini ya bure, na kwa hilo namshukuru.

Nilipomwonyesha programu niliyoipakua alitikisa kichwa. Alisema mengi ya matangazo ya aina ile huhesabu kila kitu ili namba itishe: vidakuzi vya kivinjari, njia za mkato, na vile vijistari vya usajili ambavyo Windows huhifadhi mipangilio yake. Mistari hiyo ya usajili iko mingi mno, na kufuta mia kadhaa hakuifanyi mashine kukimbia, ilhali kufuta mmoja unaohitajika kunaweza kuiangusha. Microsoft wenyewe wametamka wazi kwamba hawaungi mkono programu za kufagia usajili huo.

Niliporudi nyumbani nilisoma zaidi, na nikaona kwamba sikuwa mjinga wa kwanza. Mwaka 2019 huko Marekani, duka kubwa la Office Depot na kampuni ya Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza mashtaka ya serikali kuhusu programu yao ya kupima afya ya kompyuta. Mteja aliulizwa maswali manne mwanzoni, kama vile iwapo mashine yake ni nzito. Akikubali hata moja, programu humwambia ina dalili za virusi, vipimo viseme visiseme. Hata programu yenye sifa haikusalimika: mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza msimbo wao katika toleo la 5.33 la CCleaner, na zaidi ya watu milioni mbili wakawa nalo kwenye mashine zao kabla ya kugunduliwa.

Tuendelee. Mwendo wa saa tisa alasiri fundi akanivisha vipokea sauti masikioni. Faili zilikuwa zimerudi bila majina, kila moja ni namba tu. Akabonyeza ya kwanza: muziki wa michezo ya mwanangu. Ya pili: mwanasiasa niliyemhoji. Ya tatu ilianza kwa kikohozi, kisha kuku wa jirani. Sikungoja aseme neno. Nililia pale pale mbele ya mwenye redio.

Tulipata kumi na moja kamili kati ya kumi na nne. Mbili zilikuwa zimekwenda kabisa, na moja ilikatika katikati.

"Una bahati diski yako ni ya kizamani," fundi akasema. "Ingekuwa SSD, saa hii tungekuwa tunapeana pole."

Diski hizo mpya hazina sahani inayozunguka. Ukifuta faili, Windows huiarifu diski kwamba nafasi ile haihitajiki tena, nayo huisafisha yenyewe, mara nyingi bila kukawia. Yaani kile kikongwe nilichokuwa nikikitukana kila asubuhi ndicho kilichonihifadhia mama. Na katika pumzi hiyo hiyo fundi akanishauri nikibadilishe! Alisema ndicho hasa kilichokuwa kikiikokota mashine. Nikacheka, lakini alinionyesha. Aliirudisha diski, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na likafunguka dirisha linaloonyesha nani anakula nini ndani ya kompyuta. Diski: asilimia 100, ilhali hatujafungua chochote. Akaenda sehemu ya programu zinazoamka pamoja na mashine. Zilikuwa kumi na tisa, mbili kati yake za kukinga virusi, zikichunguzana zenyewe kwa zenyewe kama askari wawili wa lango moja. Alituachia kinga inayokuja na Windows, akaziondoa hizo mbili, akazizuia nyingine zisiamke bila kuitwa. Programu yangu ya kufagia ilikataa kuondoka, ikidai bado inatumika. Akaiwasha mashine kwa ile hali ya Safe Mode, ambamo Windows huamka na vitu vichache tu vya lazima, akaing'oa.

Nilinunua SSD na kuongeza kumbukumbu ya RAM kutoka GB 4 hadi 8. Pamoja na kazi ya kufufua faili nililipa shilingi 9,000, fedha ambazo nilikuwa nimezitengea mapazia. Sasa kompyuta inaamka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Diski ya zamani nimeifunga kwenye soksi ya sufu, iko kabatini, na ole wake atakayeigusa.

Usafi bado naufanya. Kila mwisho wa mwezi nafungua mipangilio ya Windows, sehemu ya Storage, nafuta faili za muda na kuangalia kwamba diski ina nafasi ya kupumua. Kila kisanduku nakisoma kabla ya kukitia alama, maana hata kifagio cha Windows chenyewe, katika toleo la Oktoba 2018, kiliiweka folda ya Downloads kwenye orodha ya vinavyoweza kufutwa. Hiyo folda sasa naiona kama kibaraza. Kinachofika pale kinaingizwa ndani jioni hiyo hiyo au kinatupwa. Baba watoto ananitania kwamba ningekuwa hivyo na kabati la vyombo angenioa mara ya pili. Jambo lililobaki kunikosesha usingizi ni kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kichakato chetu ni cha zamani mno kukubaliwa na Windows 11. Hilo nitalikabili mapazia yakishanunuliwa.

Hadithi za mama sasa ziko mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi iliyo kwa mdogo wangu, na kwenye akaunti ya intaneti ambayo neno lake la siri baba watoto pia analijua. Wanangu huzisikiliza Ijumaa usiku. Ile iliyokatika ndiyo kitindamimba wangu anaipenda kupita zote. Fisi amefika kwenye njia panda, ananusa huku, ananusa kule, mama anavuta pumzi, halafu kimya. Kila mara mtoto ananigeukia: alishika njia gani? Nami sikumbuki, niliisikiliza mara moja tu nikiwa ndani ya matatu. Juma lililopita nikampigia mama mdogo kule Malindi. Alicheka, akasema hiyo waliisimuliwa wote wawili na bibi yao, anaijua hadi mwisho. Akaniambia nimpigie Jumapili baada ya chakula cha jioni, mtoto awe karibu, na nisisahau kurekodi.