Pangani Asubuhi, Adhuhuri na Jioni

Likizo iliyopita tulikwenda Pangani mafrateri wanne na kamera moja. Kamera ni ya jarida hili, na padre mlezi alitukabidhi kwa sharti moja tu: isiguse maji ya chumvi. Tulikuwa tumeombwa kuleta picha ya ukurasa wa kwanza: mji wa kale, mto, na mwanga mzuri. Tulidhani ni kazi ya nusu saa.

Mji wa Pangani, mkoani Tanga, umekaa upande wa kaskazini wa mto, pale unapoingia Bahari ya Hindi. Ng'ambo ni Bweni, na watu huvuka kwa pantoni pamoja na baiskeli, magari na magunia yao. Mto wenyewe umetoka mbali. Maji yake huanzia Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huzungusha mitambo ya umeme kule Hale, ndipo yanafika hapa yakiwa yametulia. Jua huchomoza baharini, mdomoni mwa mto, na kutua upande wa juu, nyuma ya minazi. Maji huteremka na jua hupanda, na mpiga picha anapata nuru mpya kila saa.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya saa 12 na nusu, tulikuwa tumeshafika ukingoni. Masifu ya asubuhi tulikuwa tumeyasali njiani kwa sauti ya chini. Mmoja wetu alianza kumtaja Heraklito, kama wafanyavyo wanafunzi wote wa falsafa waonapo mto, lakini hakumaliza, kwa sababu maji yalikuwa yanarudi juu! Bahari ilikuwa inajaa, na inapojaa huusukuma mto kurudi ulikotoka. Tulicheka, Heraklito tukamwacha.

Kisha jua likatoka. Likiwa chini, miale yake hupita katika hewa nyingi kabla ya kutufikia. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, na inayofika ni ile nyekundu na manjano. Tena mwanga huo hutoka ubavuni, kwa hiyo kila jiwe hupata kivuli chake. Kuta za mawe ya matumbawe zilizobanduka chokaa zilionekana kama zimepakwa asali. Tulichagua ukuta mmoja wenye mlango wa mbao, na nyuma yake kipande cha mto.

Tatizo lilikuwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua chini ya ukuta ule. Alikuwa na ndoo ya plastiki na mwavuli mkubwa wa matangazo, na mwavuli ule uliharibu kila kitu. Tulisogea hatua tatu kushoto, naye akatoka nje ya picha. Tukapiga. Hatujawahi kupiga picha nzuri kama ile.

Baadaye tulikwenda kununua vitumbua kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Nimewaona mnapiga. Hebu nami nione."

Tulimwonyesha. Alifuta mikono kwenye kanga, akainama juu ya kioo cha kamera, akatazama kwa muda.

"Mbona mimi simo?"

Mmoja wetu akaeleza kwamba tulikuwa tunapiga jengo la kale.

"Haya," akasema. "Na mimi nilijitengeneza kanga, nikajua nimo." Akatuhesabia vitumbua vyetu, akaongeza kimoja cha bure.

Hakukasirika. Tungeona nafuu kama angekasirika.

Adhuhuri, baada ya kusali Malaika wa Bwana chini ya mti, tulizunguka mjini bila kupiga picha. Saa hiyo wapiga picha hufunga kamera zao, kwa maana jua likiwa utosini vivuli huisha na rangi hupauka. Lakini tuliona mambo ambayo asubuhi hatukuyaona: nyufa, mizizi iliyopenya ukutani, viraka vya saruji. Mto uliokuwa wa dhahabu sasa ulikuwa wa kahawia, rangi ya udongo ulioubeba.

Tukakumbuka pia tulichosoma kabla ya kuja. Mji huu ulipata utajiri kwa misafara ya pembe na ya watumwa, na kwa miwa iliyolimwa kando ya mto na watu wasio huru. Hapa, Agosti 1888, kampuni ya Wajerumani ilipokuja kupandisha bendera yake, watu walikataa na vita vikaanza. Na hapa, Desemba 1889, Abushiri bin Salim alinyongwa. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umependezesha kila kitu, pamoja na yale yasiyopaswa kupendeza. Wale waliokata miwa hawana picha wala majina. Kuwatoa watu wa Pangani kwenye picha ni desturi ya zamani, nasi tulikuwa tumeiendeleza kwa hatua tatu za kushoto.

Darasani tumefundishwa kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino alitaja mambo matatu yanayofanya uzuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'aro. Katika mtihani tuliyaeleza vizuri. Pale Pangani tuliukimbilia mng'aro, na ili tuupate tukaukata ukamilifu.

Jioni tulirudi. Mama alikuwa palepale, sasa anakaanga muhogo. Tulimwomba radhi, tukamwomba na ruhusa ya kumpiga picha. Akaita mjukuu aje ashike mwiko, akaketi, akaitengeneza kanga tena. Nyuma yake jua lilikuwa linazama na mto umekuwa fedha tupu.

Hapo tulibishana. Kamera haiwezi kushika vyote viwili. Ukipimia mwanga wa machweo, uso wa mtu aliyekaa mbele yake unakuwa kivuli cheusi. Ukipimia uso, mbingu na mto vinaungua na kuwa vyeupe. Mmoja wetu alitaka kivuli. Alisema picha za namna hiyo ndizo zinazopendwa, na alisema kweli. Lakini mama angeuliza tena swali lake, na safari hii tusingekuwa na jengo la kale la kujitetea.

Tukapimia uso. Machweo ya Pangani yakapotea yote, nyuma yake pakabaki kama karatasi tupu. Lakini mama yumo, na mwavuli wake, na ndoo, na ukuta umeegemea mgongoni mwake na nyufa zake zote.

Hiyo ndiyo picha tuliyomletea mhariri, na akiikataa tutaelewa. Ile ya asubuhi hatukuifuta. Tunayo bado, na bado ni nzuri. Ila tukiitazama sasa, jicho huenda lenyewe pale pembeni, upande wa kulia, mahali asipokuwapo mtu.

Nakala ya mama tuliisafisha Tanga mjini, tukaituma kwa kondakta wa basi. Baada ya siku mbili alipiga simu kushukuru. Alisema picha ni nzuri, ila tumemnenepesha.