Juisi Iliyoimba Kongo

Mwaka 1984 watoto wa Uingereza waliletewa juisi ya matunda iitwayo Um Bongo, na tangazo lake la televisheni likawaimbia kwamba huko Kongo wanakunywa hiyo hiyo. Nchi yetu wakati huo iliitwa Zaire, tangu 1971. Kwetu Kamina, juisi hiyo sikuiona hata siku moja. Tulikunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, na kwenye arusi ya wenye uwezo, soda nyekundu ya Vital'O.

Hapa Manchester, watu wa rika langu wakisikia natoka Kongo huanza kuuimba wimbo ule. Wanauimba kwa wema, nami sina ugomvi nao. Kinachoniuma ni kwamba katika tangazo lile kiboko ndiye anayechukua matunda, chatu anachuma, kasuku anapaka pakiti rangi, kifaru anatoa jina. Mtu hayumo. Viboko tunao, Upemba, lakini kinywaji cha mkoa wetu wa Haut-Lomami kinatengenezwa na akina mama.

Wenyeji wa hapa wanajua kumkumbuka mtengenezaji. John Noel Nichols alianza kutengeneza kinywaji cha Vimto mjini humu mwaka 1908, na leo pale Granby Row imesimama chupa kubwa ya mbao iliyozungukwa na matunda yake. Nikipita hapo namfikiria mama.

Mama hupika uji wa unga wa mahindi, mzito, kisha anauepua upoe. Mizizi ya munkoyo anaitwanga kinuni mpaka inabaki nyuzinyuzi, anaitumbukiza. Baada ya muda mwiko unaanza kuwa mwepesi mkononi: uji umelegea, na ukiuonja ni mtamu ingawa hakutia sukari. Mizizi ina vimeng'enya vinavyovunja wanga wa mahindi kuwa sukari. Anauacha ulale, kesho yake anauchuja, ukiwa na uchachu kidogo. Maarifa hayo hayana pakiti wala mnara, na kwangu ni makubwa kuliko ya kiwanda chochote nilichokiona Ulaya.

Binti yangu amezaliwa hapa, na wimbo wa kiboko ameshaujua. Nilipomweleza mama kwa simu, hakucheka. "Umlete likizo," akasema. "Mizizi ataichimba mwenyewe, na kinu nitamwachia."