Sukari ya Paka Ilipohamia Nyumbani

Naikumbuka enzi ambayo paka mwenye kisukari alipimwa hospitalini tu. Alipelekwa asubuhi, akaachwa kutwa, akatolewa damu kila baada ya saa mbili, na jioni mwenyewe akakabidhiwa dozi mpya ya insulini. Utaratibu ule ulifuatwa kwa nia njema. Lakini paka huogopa ugeni: akisikia mbwa wakibweka chumba cha pili na kushikwa na mikono asiyoijua, mwili humwaga adrenalini na ini huachia sukari. Hata paka asiye na kisukari anaweza kufika milimoli 16 kwa lita kwa hofu peke yake, ilhali nyumbani ana 5 au 6. Kilichopimwa, basi, kilikuwa hofu na ugonjwa kwa pamoja. Dozi ikipandishwa kwa msingi huo, paka akirudi kwao hofu huisha, na insulini iliyozidi hubaki mwilini. Kupima mkojo hakukusaidia sana, maana sukari haionekani humo mpaka izidi mno kwenye damu. Hatari ya kushuka haionekani kabisa. Kipimo cha fruktosamini nacho hutoa picha ya wiki moja hadi tatu kwa jumla, na jumla hiyo huweza kumficha paka anayepanda mno usiku na kushuka mno mchana.

Mwaka 2000 madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, walieleza namna ya kupata tone la damu kwenye sikio na kulipima kwa mashine ndogo ya mkononi. Sikio hupashwa joto kwanza, pamba hushikiliwa kwa nyuma, hutobolewa kando ya mshipa mwembamba, kisha paka hupewa kipande cha nyama. Waliosema huo ni ukatili hawakuzingatia jinsi paka wengi wanavyozoea na kutulia. Waliosema mashine za binadamu hukosea walikuwa na haki: kwa damu ya paka mara nyingi husoma chini ya kiwango halisi. Hata hivyo, mashine ileile ikitumika kila siku huonyesha mwenendo, na zilizorekebishwa kwa wanyama zipo. Pingamizi ninalolipa uzito ni kwamba mwenye paka ataona namba kubwa, ataingiwa na wasiwasi, ataongeza dozi. Hilo hutokea. Dawa yake ni kumfundisha kusoma mwendo wa sukari badala ya namba moja: aitafute ile ya chini kabisa, ambayo mara nyingi huja kati ya saa ya nne na ya nane baada ya sindano, akikumbuka kwamba dozi ileile na chakula kilekile hutoa mwendo tofauti kesho. Kabla ya sindano akikuta sukari iko chini, ampigie daktari kwanza.

Tangu mwaka 2014, zilipoingia sokoni Ulaya sensa za kubandika ngozini za siku 14, zilizokusudiwa binadamu, hata usiku umeanza kuonekana. Nazifurahia, ila hupima majimaji ya chini ya ngozi, na sukari ikibadilika haraka huchelewa kidogo nyuma ya damu. Sensa ikionyesha sukari imeshuka sana ilhali paka anatembea na kula kama kawaida, tone la sikio bado ndilo la kuhakikishia.