Je, Ni Lini? Kurasa za Shajara kutoka Dodoma

Jumanne, 6 Mei 2025

Asubuhi yote nimekaa na hedifoni masikioni. Kipindi cha maswali huanza saa tatu, baada ya dua, na kazi yetu watu wa Hansard haibadiliki: sauti inakatwa vipande, kila mmoja anachukua chake, anaandika, mwenzake anahakiki, hadi zipatikane kurasa za Taarifa Rasmi. Kijana aliyeletwa kujifunza ameniuliza kwa nini kila aya inaanza na "Mheshimiwa Spika". Nikamweleza kwamba mle ukumbini hakuna anayesema na mwenzake. Wote wanasema na Kiti. Waziri na mbunge wanaweza kuwa wamekaa hatua chache tu, lakini maneno lazima yapitie mbele.

Maswali ya mambo ya ndani yana mwendo wake. "Je, ni lini" barabara itawekwa lami, ni lini kituo cha afya kitapata mashine ya eksirei, ni lini kata itapata maji. Majibu nayo yana mwendo wake: upembuzi yakinifu umekamilika, usanifu wa kina unaendelea, fedha zitatengwa kadiri zitakavyopatikana. Mbunge anapongezwa kwa kuwafuatilia wananchi wake. Kisha anasimama tena, anauliza maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo mambo yanapoanza.

Swali la msingi limeandikwa siku nyingi kabla, wizara imekaa nalo, waziri anasoma. Swali la nyongeza halina karatasi. Hapo ndipo unapomtofautisha waziri aliyefika mahali na waziri aliyesomewa habari za mahali. Aliyefika hutaja jina la mto. Aliyesomewa humwambia mbunge wataongozana jimboni baada ya Bunge.

Hansard ina alama ya makofi na alama ya kicheko. Haina alama ya waziri aliyegeuka nyuma kutafuta kikaratasi kutoka kwa wataalamu wake.

Alhamisi, 8 Mei

Jana alifariki Mzee Cleopa Msuya. Alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na tena 1994 hadi 1995. Wakongwe wa ofisini wanamkumbuka kama mtu wa hesabu, aliyepita wizara za fedha na viwanda, na wanasema hakupenda sentensi isiyo na namba ndani yake.

Nimewaza kwamba yeye hakuwahi kukutana na Alhamisi kama hizi tulizozizoea. Maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu yalianza 2008, Samuel Sitta akiwa Spika. Ni nusu saa. Hakuna karatasi iliyotangulia, na sharti ni kwamba swali liwe la sera, lisiwe la daraja la kijiji kimoja. Wabunge wanalijua sharti hilo, na wanajua pia namna ya kulizunguka: unaanza na sera ya Taifa ya miundombinu, unamalizia na daraja lako.

Kinachonivutia kwenye nusu saa hiyo ni kwamba mtu mmoja anabeba kila kitu. Anaweza kuulizwa mbolea, akatoka hapo akaulizwa korosho, akatoka hapo akaulizwa wakimbizi wa Burundi walioko Kigoma. Hili la mwisho ulipange wapi? Kambi ya Nyarugusu iko kwenye ardhi yetu, kuni zinakatwa kwenye misitu yetu, polisi ni wetu. Lakini kila sentensi juu ya kurejea kwao inasikika Gitega. Nimeshamsikia zaidi ya Waziri Mkuu mmoja akibadilisha mwendo wa sauti katikati ya jibu la namna hii. Anaanza kama mwenye nyumba, anamaliza kama balozi.

Jumatatu, 12 Mei

Mjomba amepiga simu kutoka Matema, Kyela.

"Mjomba, ninyi mnaokaa na wakubwa, hebu niambie. Hili ziwa letu au si letu?"

Huniuliza kila usipa unapokuwa mwingi na mitumbwi inapokwenda mbali. Nikampa jibu la Serikali: mpaka wetu na Malawi uko katikati ya maji, na mazungumzo yanaendelea.

Akacheka. "Yanaendelea tangu sijaoa, mjomba."

Jioni nimerudi kwenye makaratasi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 uliuweka mpaka ukingoni, upande wetu, na maji yakabaki kwa Waingereza. Malawi imesimama hapo. Tanzania imesimama kwenye desturi ya kimataifa ya kuligawa ziwa katikati, na mwaka 1967 iliiandikia Malawi hivyo. Ila mtu wa kumbukumbu hawezi kuruka kilichotangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakuu wa Serikali ya Tanganyika walisimama ndani ya chombo cha kutunga sheria wakaeleza kwamba, kwa mkataba ule, ziwa halikuwa letu. Yalinukuliwa, yakachapwa, na upande wa pili unayo hadi leo. Mwaka 1964 kule Cairo, Mwalimu mwenyewe alilisimamia azimio la OAU la kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Nalo linasomwa Lilongwe kwa furaha.

Kwa hiyo simlaumu waziri wa mambo ya nje anayelijibu swali la ziwa kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyolowa. Msikilizaji wake wa kwanza si mbunge aliyeuliza. Ni wakili wa jirani atakayezisoma kurasa zetu miaka 40 ijayo. Mzozo ulipofufuka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, ulipelekwa kwa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano. Penye usuluhishi wa namna hiyo, "mazungumzo yanaendelea" ni sentensi ya kweli, na pengine ndiyo pekee iliyo salama.

Ugomvi wangu uko pengine. Sentensi hiyohiyo imevuka ziwa ikaja kujibu maswali ya visima. Kijiji hakina wakili Lilongwe. Hakuna taifa jingine linaloviziavizia jibu la lini pampu itafungwa. Hata hivyo mwananchi anaambiwa "Serikali inaendelea na mchakato" kwa tahadhari ileile, kana kwamba kati ya wizara na kijiji kuna mpaka wenye mzozo.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekumbuka yaliyotokea mwezi uliopita, na yanaipindua kidogo hoja yangu ya Jumatatu.

Mwezi Machi Malawi ilizuia baadhi ya mazao kuingia kwao, yakiwemo ya kwetu: mchele, tangawizi, ndizi. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezifungia ndizi zetu kwa miaka. Katikati ya Aprili Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, akatangaza kwamba wasipofungua ndani ya wiki moja, nasi tutafunga. Siku ikafika, akafunga. Mwezi haujaisha, zuio likaondolewa ili kupisha mazungumzo.

Huyo ni waziri wa kilimo. Alikuwa akiendesha sera ya nje kwa lugha ya "ni lini": hii hapa bidhaa, hii hapa tarehe, hili hapa tutakalofanya. Malawi haina bahari, na bandari ya Dar es Salaam ni mojawapo ya milango yake, kwa hiyo maneno yale yalikuwa na uzito nyuma yake. Yalikuwa na gharama pia. Mpaka wa Kasumulu ukifungwa, mchele wa Kyela nao unabaki ghalani, na mjomba alinieleza bei ya gunia kwa lugha nisiyoweza kuiandika hata humu.

Sisemi kila jambo la nje lifanywe vile. Ziwa halisuluhishwi kwa siku saba. Lakini nimejifunza kwamba tahadhari si tabia ya mambo ya nje, na tarehe si mali ya mambo ya ndani. Waziri huchagua. Na akichagua, amekwishatuambia jambo analipa uzito gani.

Jumatatu, 19 Mei

Taarifa ya habari ya jioni. Rais amezindua Dar es Salaam toleo jipya la Sera ya Mambo ya Nje. Ile ya 2001 ndiyo iliyotuletea diplomasia ya uchumi. Hii inaongeza mambo ya Kiswahili, diaspora na uchumi wa buluu. Katika hotuba hiyohiyo ameonya wanaharakati wa nchi jirani wasije kuingilia mambo yetu. Jana Martha Karua, aliyewahi kuwa waziri wa sheria wa Kenya, alizuiwa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere na kurudishwa kwao. Alikuwa anakuja kuifuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, pale Kisutu.

Naandika haya kwenye daftari langu, si kwenye kumbukumbu za Bunge, kwa hiyo nitajiuliza kwa uhuru. Mbunge akitaka kuuliza, ampelekee nani swali? Waziri wa Katiba na Sheria atasema jambo liko mahakamani, na kanuni zinakataza kulijadili. Waziri wa Mambo ya Ndani, mwenye Uhamiaji, atasema kila nchi ina haki ya kumkatalia mgeni. Waziri wa Mambo ya Nje atasema uhusiano wetu na Kenya ni mzuri na wa kindugu. Kila mmoja atakuwa sahihi kwenye meza yake. Swali litakuwa limezipita meza tatu, na aliyeuliza amerudi kukaa mikono mitupu.

Ndiyo maana nimeanza kuamini kwamba mstari kati ya ndani na nje hauko kwenye ramani tu. Unachorwa upya kila jibu linapoandaliwa. Jambo gumu la ndani likiitwa la nje, linakuwa la usalama na heshima ya Taifa. Jambo gumu la nje likiitwa la ndani, wengine hawaruhusiwi kulisemea.

Jumatano, 21 Mei

Kijana wangu ameuliza kama Wakenya wanafanya kama sisi. Hapana. Kwa Katiba yao ya 2010 mawaziri si wabunge, na kwa miaka mingi waliishia kuhojiwa kwenye kamati. Baada ya uchaguzi wa 2022 kanuni zikabadilishwa ili waje kujibu ukumbini. Musalia Mudavadi, mwenye kofia ya Mkuu wa Mawaziri pamoja na ile ya mambo ya nje, anaweza kuulizwa juu ya polisi waliopelekwa Haiti tangu Juni 2024, na pia juu ya mabinti wanaofanya kazi za nyumbani nchi za Ghuba.

Kwetu waziri ni mbunge. Wanapiga kura pamoja, wanakunywa chai kantini moja. Kijana anaona hiyo ni faida, kwa kuwa waziri hawezi kujificha. Nikamwambia pia ni vigumu kumkaba mtu ambaye kesho utamwomba barabara.

Hata hivyo Bunge letu linaweza kukaza likitaka. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa kazi ya kuridhia mikataba. Novemba 2016 lilikataa mkataba wa ubia wa uchumi na Umoja wa Ulaya. Juni 2023 ule wa bandari na Dubai uliridhiwa, na mjadala ukahamia mitaani na kukaa huko kwa miezi. Mara zote mbili kilichobishaniwa kilikuwa cha nje kwenye jalada na cha ndani kwenye matumbo ya watu: viwanda vyetu, bandari yetu.

Jumamosi, 24 Mei

Mjomba tena. Safari hii ana jambo la maana. Anataka mbunge wao aulize juu ya ziwa, na ananiomba nimsaidie kuliandika swali. Nimemwambia wazi kwamba mimi ni mtumishi wa Bunge, siandikii upande wowote maswali. Lakini namna swali linavyofanya kazi imo kwenye kanuni, na kanuni zinasomwa na yeyote. Nikamweleza hiyo.

Ibara ya 63 hiyohiyo inamruhusu mbunge kumuuliza waziri yeyote jambo la umma lililo chini ya wajibu wake. Haikuweka ibara moja ya ndani na nyingine ya nje. Kwa hiyo kazi ni kulitafuta lile ambalo waziri ana wajibu nalo leo, bila kumsubiri jirani.

"Sasa mtu akiuliza mpaka uko wapi?"

"Atajibiwa mazungumzo yanaendelea, mjomba, na hawatakuwa wamedanganya."

Akanyamaza kidogo. "Aulize nini basi?"

Nikamwambia afikirie linalomsumbua akiwa majini. Hakuhitaji kufikiri. Anaogopa kukamatwa upande wa pili na watu wa nyumbani wasijue. Basi hilo ndilo swali. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa raia aliyekamatwa ugenini haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Nani atawaeleza wavuvi wa Matema haki hiyo, kwa utaratibu gani, na kuanzia mwezi gani? Nyongeza ya kwanza: mvuvi asiporudi, mkewe ampigie nani simu pale wilayani? Nyongeza ya pili: mtumbwi na nyavu zikishikwa, nani anazidai?

Mjomba ameniambia nirudie polepole, aandike. Nimerudia. Hapo hapahitaji Chissano wala ramani ya 1890. Panahitaji jina la ofisi, namba ya simu na tarehe, na hivyo vitatu Serikali inavyo bila kumwomba mtu wa Lilongwe.