Kigari cha Viazi cha Langoni



Majuma mawili yaliyopita tulivuka kwa mashua kutoka Mokowe kwenda Amu, sisi wazazi, mama yetu mzee, na binti yetu aliyerudi likizo baada ya miaka minne ya masomo huko California. Safari ilikuwa ya kuamkia jamaa. Hata hivyo, linalostahili kuandikwa hapa lilitokea barabarani, baada ya sala ya alasiri, mbele ya karai la mafuta.

Langoni ni upande wa kusini wa mji wa Amu. Ukiiacha nyuma Ngome, iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821, kaskazini yako huwa ni Mkomani, penye majumba ya mawe na milango ya nakshi ambayo wageni huja kuitazama tangu kabla mji haujaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Langoni hupigwa picha chache zaidi, nasi hatukuona hasara. Hapa ndipo walipotua watu wa kuja, Wahadhrami, Wabajuni na Wangazija, zamani wakikaa katika nyumba za udongo na makuti. Na hapa ndipo Habib Swaleh, naye mwenye asili ya Ngazija, alipoasisi Riyadha, msikiti na chuo ambacho hadi leo huwakusanya watu wa pwani nzima kila mwaka wakati wa Maulidi. Kila aliyekuja alikuja na chungu chake. Mkate wa mofa ulitoka Arabuni, bajia na chapati zilitoka Bara Hindi, na leo hakuna mtu wa Langoni atakayekubali kuwa si vya babu yake.

Vichochoro ni vyembamba, hata punda wawili wenye shehena wakikutana mmoja hulazimika kusubiri. Kwa hivyo gari la chakula la Langoni ni mkokoteni: ubao juu ya magurudumu mawili, jiko la makaa, karai, na ndoo ya maji yenye kifuniko. Mwenyewe ni mama wa makamo, buibui lake limekunjwa mikono, na kijukuu chake kikipeperusha moto kwa kipepeo.

“Masalkheri, mama,” tukamwamkia.

“Masalkheri, wanangu. Ndooni, mafuta yako tayari.”

Viazi vyake vilikuwa vimechemshwa, vikachovywa katika uji mzito wa unga uliotiwa manjano na chumvi, kisha vikazamishwa karaini hadi vikavimba kama vilivyovishwa kanzu. Juu yake alimwaga ukwaju uliopondwa na pilipili, na pembeni akaweka chatini ya nazi na kijiko cha achari ya embe. Vitano kwa shilingi 50. Tulivila tukiwa tumekaa barazani mwa watu, kwa ruhusa yao.

Binti yetu alikula sahani mbili bila kusema neno, kisha akaanza kulia.

Tuliposisitiza, alitueleza. Karibu na chuo chake husimama gari la chakula la Wamarekani wenye asili ya Ufilipino, linalochanganya mapishi ya visiwa vyao na ya nchi waliyohamia. Chakula chao kinachosifiwa zaidi ni sisig, nyama ya kichwa cha nguruwe iliyokatwakatwa, ambayo wao huifunga ndani ya mkate wa Kimexico. Yeye hakuisogelea. Alikuwa akinunua lumpia za mboga, mfano wa sambusa nyembamba ndefu, kwani zilimkumbusha nyumbani. Alizila miezi mitatu. Siku moja akaona za mboga na za nguruwe zikitolewa karai moja.

“Sikuwaambia kwa sababu niliona haya,” alisema. “Mulinipeleka nikasome, nami nikashindwa hata kuchunga ninachokula. Tangu hapo kila chakula nakiuliza maswali matatu, na mara nyingi nalala na njaa. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekula bila kuuliza.”

Sisi wazazi tulitazamana. Miaka minne tulikuwa tukimwuliza kwa simu, “Umekula?” naye akijibu, “Nimekula.”

Mama yetu mzee ndiye aliyetangulia. “Hukujua, mjukuu wangu. Na Mola wako anajua kuwa hukujua.” Kisha akampa kiazi chake cha mwisho.

Mama wa kigari, aliyekuwa akisikiliza huku akigeuza viazi, hakuwa na aibu ya kudadisi. “Na huyo mpishi, ulimgombeza?”

“Sikumgombeza, bibi. Nilipomwuliza alishtuka, akanirudishia fedha. Alisema kwao, kisiwa cha Mindanao, majirani zake walikuwa Waislamu, na kwamba ilimpasa ajue. Akataka kuniwekea karai langu peke yangu, lakini sikurudi tena.”

“Alikuwa akikupa nini pembeni? Mkavu haliki.”

“Achara,” akasema binti yetu. “Ni papai bichi.”

Tulidhani ametamka vibaya. La, ndivyo inavyoitwa huko. Neno ni lile lile la Kihindi, limeenda mashariki likafika Ufilipino na limekuja magharibi likafika kwetu. Tulipoanza kuhesabu, sahani yetu yenyewe ilikuwa imesafiri kuliko sisi. Kiazi na pilipili asili yake ni bara la Amerika, na mnazi ulikuja kwetu kutoka Asia. Binti yetu alicheka akijifuta uso kwa mtandio.

Mama wa kigari hakujali historia. Alitaka kujua kipimo. Papai linakunwa au linakatwa? Linakunwa, kisha linatiwa chumvi na kukamuliwa maji. Siki au ndimu? Siki, na sukari, na tangawizi, na karoti kidogo kwa rangi. Aliyarudia yote kwa sauti, kijukuu kikihesabu kwa vidole, hadi adhana ya magharibi ilipoanza nasi tukaondoka kwenda kutawadha.

Jioni ya pili tulipita tena. Kando ya achari ya embe palikuwa na bakuli jipya, limefunikwa kwa kitambaa kwa ajili ya nzi.

“Onja,” alimwambia binti yetu. “Uniambie kama nimekosea.”

Akaonja. Akasema sukari imezidi.