Nguzo za Karatasi: Mchezo, Malezi na Lugha

Wahenga waliacha wosia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wosia huo hukaririwa katika insha za shule na katika mabaraza ya machifu, na ni nadra kumpata Mkenya asiyeujua. Hata hivyo, methali yenyewe inachukulia kwamba mwambiwa anautambua ufa auonapo. Je, ni nani aliyemfunza kuutambua?

Katika mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji la Nairobi, baba mmoja, karani kwa kazi yake, alianza kulijibu swali hilo pasi na kukusudia. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa rasmi katika madarasa ya chini nchini Kenya mwaka wa 2019, wazazi wamezoea kuwaona watoto wakirejea nyumbani na maagizo ya kutafuta katoni, vijiti na vifuniko vya chupa. Bintiye mwenye umri wa miaka 8 aliagizwa aunde daraja. Si siri kwamba wazazi wengi huiunda kazi kama hiyo wenyewe usiku wa manane, mtoto akikoroma, na asubuhi ikapelekwa shuleni kwa jina la mtoto. Baba huyu aliketi sakafuni pamoja na binti yake.

Walichukua makopo mawili matupu, wakayatenga kwa umbali wa shubiri moja, wakatandaza karatasi juu yake. Msichana akaweka sarafu moja katikati. Karatasi ikanepa, sarafu ikadondoka. Baba akaichukua karatasi iyo hiyo, akaikunja mikunjo myembamba, mmoja juu mmoja chini, mfano wa bati la paa. Sasa ikabeba sarafu kumi na mbili bila kunepa.

"Baba, umeongeza nini?" msichana akauliza.

"Sijaongeza kitu, mama. Nimeikunja tu."

Jibu hilo fupi limebeba elimu kubwa. Karatasi iliyolala bapa haina kina, hivyo hupindika kwa uzito mdogo. Ikishakunjwa, hupata kina: sehemu ya juu husukumwa na kubanwa, ya chini huvutwa, na umbali baina ya hizo mbili ndio unaoipa ukakamavu. Ndiyo sababu bati la paa lina mikunjo. Mtoto aliyelala chini ya mabati maisha yake yote sasa anajua mikunjo ile ni ya nini.

Baada ya hapo walivingirisha karatasi nne ziwe nguzo, wakazifunga kwa uzi, wakazisimamisha na kuweka kipande cha katoni juu yake. Nguzo hizo zilihimili vitabu vinane. Ndugu yake mdogo akapita, akaibonyeza nguzo moja kwa kidole. Hapakuanguka kitu. Kitabu cha tisa kilipowekwa, nguzo hiyo ilijikunja palepale penye kibonyeo, na vitabu vyote vikaporomoka. Mvulana alicheka. Dada yake hakucheka, aliiokota nguzo, akakitazama kibonyeo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ilikuwa imeshaharibika kabla hatujaongeza kitabu."

Elimu ya aina hii si ngeni duniani. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua taasisi yake ya malezi ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka wa 1837, aliingiza miongoni mwa kazi za watoto ujenzi wa vijiti vilivyounganishwa kwa njegere zilizolowekwa. Njegere laini hupokea kijiti kwa urahisi. Zikikauka husinyaa na kukibana barabara. Buckminster Fuller wa Marekani (1895–1983), aliyekuja kupata umaarufu kwa kuba zake za pembetatu, alisimulia kwamba utotoni, kabla hajapewa miwani, alikuwa haoni vyema. Alipopewa vijiti na njegere darasani, wenzake waliunda miraba kama nyumba walizoziona. Yeye alitegemea mikono, na mikono ikamwambia kuwa mraba huyumba ilhali pembetatu haiyumbi.

Msichana wa Nairobi naye aliligundua jambo hilo kwa vijiti vya meno na maharagwe yaliyolowekwa. Mraba wake uliinama upande hadi alipotia kijiti kimoja cha kukata kutoka pembe hadi pembe. Hapo ndipo alipouliza swali lililomtatiza baba yake kuliko mengine yote: "Hiki kinaitwaje? Na hiki kinacholala juu ya nguzo?"

Karani huyo alikuwa na majina ya Kiingereza tu. Kwa Kiswahili aliweza kusema "hicho cha kulala" na "hicho cha upande". Ilibidi aifungue kamusi. Alikuta kuwa kilichokaa upande kiko mshazari, na kilicholala ni boriti.

Neno boriti halikuundwa na kamati. Limeishi katika mwambao kwa karne nyingi, pamoja na jamaa zake. Wakata mikoko wa Lamu huipanga miti yao kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, hata banaa. Kila jina lina kazi yake katika ujenzi. Aidha, boriti ndiyo iliyoamua umbo la nyumba za mawe za mji huo. Kwa kuwa mti wa mkoko hauwezi kubeba dari nzito kwa nafasi pana, vyumba vya majumba ya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa takriban mita 3 au pungufu. Fundi alijua mpaka wa boriti yake na akaujenga mpaka huo ndani ya nyumba.

Mipaka hiyo ikipuuzwa, gharama yake ni roho za watu. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la orofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, katika usiku wa mvua kubwa, na zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 23 Septemba 2019, darasa liliporomoka Dagoretti asubuhi wanafunzi wakiwa ndani, na watoto 8 wakapoteza maisha. Mchezo wa karatasi hauwezi kuchukua nafasi ya mhandisi wala ya mkaguzi wa majengo, na si haki kumtwika mtoto jukumu la mkubwa. Lakini watoto nao hulala na kusoma chini ya dari hizo, na aghalabu huwa wa kwanza kuona vumbi likidondoka au mlango ukianza kukwama.

Wanafunzi wa Kiswahili vyuoni wamezoea kujadili uhaba wa istilahi za sayansi. Hoja hiyo ina uzito, ila kisa cha karani huyu kinafunua upungufu wa aina nyingine: maneno yapo, nayo hayajafika sebuleni. Mwanafunzi anayekwenda likizoni akawakuta wadogo zake na katoni za maziwa anaweza kuketi nao akayatamka wakati mikono yao ikifanya kazi: hii ni boriti, hii inanepa, hiki ni kibonyeo, huu ni ufa. Mtoto aliye na neno anaweza kumwambia mwalimu au mwenye nyumba kile alichokiona ukutani. Na mkubwa atakayeambiwa hana budi kwenda kutazama.