Goma: Anayepiga nyundo asisahau miguu

Katika mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyundo kubwa si chombo cha ajabu. Mji umekaa juu ya mawe meusi ya volkano Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Moto ulipopoa, ulibaki mwamba. Mwamba huo ndio raia wanaouvunja kwa marto ili wapate mawe ya msingi, ya ukuta, na kokoto za kuuza. Familia nyingi, na zile zilizokimbia vita vijijini, zimepikia watoto kwa kazi hiyo.

Nyundo hiyo hiyo inafaa pia kwa mazoezi ya nyumbani. Wapiga ngumi wa nchi nyingi hulaza tairi kuukuu chini na kulipiga, kulia na kushoto, mpaka jasho litoke. Kijana asiye na pesa ya kulipia sali ya michezo anaweza kuanzia hapo, ndani ya parseli.

Shida ni kwamba wengi wanasimama wima kama nguzo, magoti yamekazwa, na kuvuta kwa mikono na mgongo peke yake. Siku ya kwanza wanajisikia mashujaa. Siku ya tatu kiuno kinawaka, hata kuinama kunawashinda. Mwenye mshahara atalala apumzike. Lakini mkimbizi wa ndani anayeishi kwa kazi ya kila siku, kiuno chake kikigoma, sufuria haipandi motoni.

Aliyezoea kuvunja mawe anajua kwamba nguvu haitoki begani. Inatoka chini: mguu unasukuma ardhi, goti linakunjika, nyonga inageuka, halafu mkono unaongoza tu. Uzito wa nyundo unamalizia kazi. Kwa hiyo, anayefanya mazoezi ya nyundo aongeze na ya miguu.

Njia moja rahisi ni hii. Kwanza, kutembea haraka dakika 5 ili mwili upate moto. Kisha kupiga tairi mara 10 upande wa kulia na mara 10 upande wa kushoto, magoti yakikunjika kidogo kila nyundo inaposhuka, na pumzi ikitoka. Baadaye, kushika nyundo karibu na kifua na kuchuchumaa mara 10, visigino vikibaki chini na mgongo ukiwa umenyooka. Mwishoni, kupiga hatua ndefu mbele na kushusha goti la nyuma karibu na ardhi, mara 8 kwa kila mguu. Kupumzika dakika 2, na kurudia. Mizunguko 3 inatosha, siku 3 kwa juma, na siku ya mapumziko katikati. Anayeanza achukue nyundo nyepesi, au achuchumae mikono mitupu.

Kuna mambo ya kuangalia. Tairi hurudisha nyundo juu, basi watoto wakae mbali. Mpini unaolegea urekebishwe kabla ya kuanza. Jiwe lisipigwe kwa ajili ya mazoezi, kwa sababu vipande huruka na kuumiza macho. Mama mwenye mimba, mtu mwenye maumivu ya zamani ya mgongo, na yule ambaye hajala tangu jana, wasijilazimishe. Muuguzi wa kituo cha afya aulizwe kwanza.

Akina mama wanaochota maji wanaweza kudhani kwamba habari hii ni ya vijana tu. Hapana. Bidoni ya litre 20 ikijaa ina kilo 20, na wengine wanaibeba mara kadhaa kwa siku, juu ya mawe yasiyo sawa. Anayejifunza kuchuchumaa vizuri atainua bidoni hiyo kwa mapaja, si kwa kiuno. Wao hawahitaji mazoezi mengi zaidi. Wanahitaji kuinua bila kujiumiza.

Mtu aliyekimbia vita anaweza kuacha shamba, mbuzi na nyumba. Mwili wake ndio mali aliyofika nayo. Ni vema autunze wote, kuanzia miguu iliyomleta.